Milioni sita kwa baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, nichukue au niache?

MwanaUru

Habari zenu wakuu. Najua wengi humu ni watu wa magari na pikipiki, ila nimeona nyuzi mbili tatu za baiskeli na watu wakajibiwa vizuri, nikaona nami nilete langu.

Naishi Ngaramtoni, kwetu ni Uru. Nafanya kazi na wakulima wa mbegu za maharage, kwa hiyo siku tano za wiki niko juu ya pikipiki ya ofisi. Jumamosi ndiyo siku yangu ya baiskeli. Natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, napanda kupitia Olmotonyi, upande wa chuo cha misitu, mpaka kule juu ambako misindano inaisha. Napumzika, nakula ndizi mbili, halafu nashuka. Kupanda kunanichukua kama saa mbili. Kushuka ni dakika arobaini, na hizo dakika arobaini ndizo ninazoziwaza kuanzia Jumatatu.

Baiskeli niliyonayo ni ya mtumba, nilinunua 2019 kwa laki nane na nusu. Fremu ya aluminiamu, mbele ina foku ya springi, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, nyuma kavu, haina shokapu. Imenitunza vizuri sana. Lakini tangu mwaka jana, nikifika chini, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Kuna siku nilishindwa kushika kikombe cha chai mpaka saa tano. Daktari aliniambia kuna mshipa wa fahamu unapita kiganjani upande wa kidole kidogo, ukigandamizwa na kutikiswa muda mrefu ndiyo hali hiyo inatokea, na nisiipuuze.

Sasa kuna mzungu mmoja hapa Arusha, mkataba wake umeisha, anarudi kwao mwisho wa mwezi ujao. Anauza baiskeli yake ya milimani, shokapu mbele na nyuma, mbele inazama milimita 140, nyuma 130, magurudumu inchi 29, breki za oili. Anataka milioni sita na laki mbili. Nimeiendesha nusu saa, Njiro hadi kwenye mashimo kule nyuma na kurudi. Ni nzuri. Ila kusema ukweli, nilitarajia nitakuwa kama nimekalia godoro, haikuwa hivyo, usukani bado ulikuwa unanigonga mikono.

Pesa ninayo, sitakopa. Ni akiba ya miaka miwili na miezi minne. Lakini mama yangu yuko Uru, na marehemu baba alikuwa akisukuma Phoenix yenye gunia la kahawa mpaka chama cha msingi, na baiskeli hiyohiyo ndiyo iliyotupeleka shule. Nilipomtajia mama bei alinyamaza, akaendelea kumenya ndizi. Angesema kitu ningejibu. Kunyamaza kwake ndiko kunanisumbua.

Kwa hiyo naomba anayejua kweli anieleze. Je, hii shokapu ya nyuma itanisaidia mkono? Na nikishainunua, nani hapa Arusha ataishika ikiharibika?

---

Spoku36

Dada, mimi ni fundi, nipo karibu na soko la Kilombero mwaka wa kumi na tano sasa. Nitajibu swali lako la pili.

Shokapu na foku za hewa zina oili ndani na sili za mpira. Kampuni kama RockShox wenyewe wanaandika foku ifunguliwe sehemu ya chini kila baada ya saa 50 za kuendesha, isafishwe, ibadilishwe oili. Wewe unaendesha saa tatu kwa wiki, basi ni kila miezi minne. Hiyo kazi naiweza, haina maajabu, ila iwe na sili zake na oili yake sahihi. Oili ya pikipiki usimruhusu mtu aweke. Shokapu ya nyuma, upande wa hewa naufungua. Upande wa ndani, kwenye kile chumba cha naitrojeni, siugusi, sina mtungi wala kifaa chake. Ikifika huko inasafiri.

Shida ya hapa kwetu ni vumbi. Lile vumbi la Ngaramtoni na Kisongo wakati wa kiangazi ni laini kama unga wa sembe, linalala juu ya sili, kila foku ikizama linavutwa ndani kidogo kidogo. Halafu mtu anapeleka baiskeli kwenye kuosha magari, anapigiwa maji ya presha kwenye maungio. Beringi za maungio ya nyuma zinajaa maji na vumbi, baada ya miezi sita zinalia. Ndoo, kitambaa na brashi ya viatu vinatosha.

Kabla hujatoa hela kaangalie haya. Shika siti, inyanyue taratibu mpaka gurudumu la nyuma linakaribia kuacha ardhi. Ukisikia "tok", kuna maungio yamelegea. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia, lisicheze. Futa ile nguzo ya shokapu inayong'aa kwa kidole, bonyeza siti mara kumi, angalia tena. Utando mwembamba wa oili ni kawaida, tone si kawaida. Mikwaruzo kwenye nguzo hiyo ambayo ukucha unaikamata ni hasara. Geuza baiskeli miguu juu, pita na tochi kwenye kila mchomeleo wa fremu. Na lile sikio dogo la aluminiamu linaloshika gia ya nyuma, muulize kama ana la akiba. Likikatika huku na huna la akiba, baiskeli ya milioni sita inalala ndani kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba.

---

Kibosho_Juu

Mwana wa Uru, karibu jirani. Mimi ni mwongoza wageni mlimani, baiskeli naendesha msimu wa wageni ukipungua.

Niliwahi kuwa nayo. Mgeni wangu aliniachia kwa bei ya kirafiki, milimita 160 mbele na nyuma, kilo 16. Niliipenda, na niliiuza baada ya mwaka mmoja na nusu. Barabara ya kupanda kuelekea geti la Umbwe iliniadhibu. Kila nikikanyaga nikiwa nimesimama, nusu ya nguvu ilikuwa inazama kwenye shokapu. Kushuka ndiyo, ilikuwa raha, lakini baiskeli ile ilitengenezwa kwa mtu anayepandishwa juu kwa gari. Yako ya 130 ni nyingine kabisa, hiyo inapanda, kwa hiyo usiogope kwa hadithi yangu.

Ninachotaka kukuambia ni kuhusu mkono. Shokapu ya nyuma haitatibu vidole vyako. Inasaidia mgongo, inasaidia magoti, inasaidia gurudumu la nyuma kushika ardhi. Mikono iko mbele. Mikono ni foku, ni upepo wa tairi la mbele, ni unene wa mpira wa usukani, ni pembe ya vishikio vya breki. Foku yako ya springi kama ni ya 2019 na ilikuwa mtumba tayari, hebu ibonyeze sasa hivi. Nadhani imeganda.

Mimi nilipouza ile nikarudi kwenye yenye foku ya mbele tu, lakini nikaweka tairi za upana wa inchi 2.4, tyubulesi, yaani bila tyubu ndani, upepo wa presha ya 22 psi. Uliokuwa unaweka wewe ni kiasi gani? Wengi tunajaza 40 kwa sababu tunaogopa pancha, halafu tunalalamika mikono. Kwa miiba yetu yale majimaji ya kuziba ndiyo mkombozi, ila kwa joto hukauka, kila miezi mitatu fungua uangalie.

Jaribu hilo kwanza, halafu ndiyo uamue juu ya milioni sita.

---

Mkulima_Sanya

Milioni sita huku Sanya Juu unapata ng'ombe wawili wazuri wa maziwa na banda lake. Baiskeli haizai. Sikukejeli dada, ni mawazo tu.

---

MwanaUru

@Mkulima_Sanya, asante, na sijachukia. Nililiwaza hilo kabla yako. Ng'ombe mama anaye, na tangi la maji nilimwekea mwaka juzi. Hii ni akiba niliyoiweka kando baada ya kumaliza hayo. Nisingekuja hapa kama ningekuwa nachukua cha mama.

@Kibosho_Juu, nimeibonyeza foku. Haizami hata kidole kimoja. Sijui imeganda tangu lini, nilikuwa nadhani ndivyo ilivyo. Na upepo, aibu kusema, 45. Kijana wa pale stendi ndiye ananijazia kwa mashine ya pikipiki na mimi nafurahi ikiwa ngumu.

@Spoku36, fundi wangu, nakuja kwako Jumatano.

---

Mama_Rau

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mwanangu MwanaUru, nimesoma nikaona nisinyamaze. Nina miaka 53, nipo Moshi, na baiskeli ya aina hiyo ninayo mwaka wa nne huu. Milimita 120 nyuma, 130 mbele. Naiendesha msitu wa Rau, Mweka, na mara moja moja Materuni kama hakujanyesha. Masika sitoki kabisa, ule udongo mwekundu unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu haligeuki, unaibeba begani kama mtoto mgonjwa.

Kwanza kuhusu ile nusu saa uliyoijaribu. Huyo mwenye nayo ana kilo ngapi? Shokapu ya hewa hujazwa kulingana na uzito wa anayepanda. Kama yeye ni mtu wa kilo 95 na wewe ni wa 60, uliendesha shokapu yake, hukuendesha ya kwako. Ilikuwa ngumu kwako, mbele na nyuma, na ndiyo maana ulihisi usukani unakugonga.

Rudi ukaijaribu hivi. Kwenye nguzo ya shokapu kuna kiringi chembamba cha mpira. Kisukume mpaka kiguse mwili wa shokapu. Vaa begi lako na viatu vyako vya kuendeshea, egemea ukuta, kaa kwenye siti taratibu bila kudunda, shuka taratibu. Pima kiringi kimesogea milimita ngapi. Nyuma unataka kama asilimia 30 ya urefu wa nguzo, yaani kama nguzo inatembea milimita 50, kiringi kiwe kimesogea 15. Mbele asilimia 20 hivi. Kama nyuma kimesogea 7 tu, punguza hewa. Ila uwe na pampu yake, ile ndogo yenye saa ya kupimia presha. Pampu ya kawaida au mashine ya stendi haifai, chumba cha hewa ni kidogo na presha yake inaweza kupita 200 psi, ukifungua tu yote imetoka. Hakikisha anakuuzia na pampu.

Pili, gharama. Mimi naandika kila kitu kwenye daftari, ni tabia ya ualimu. Katika miaka minne nimebadilisha beringi za maungio mara moja, zote nane. Sili za foku mara sita, sili za shokapu upande wa hewa mara nne, pedi za breki seti tano, cheni tatu, sikio la gia moja. Shokapu ilisafiri Nairobi mara moja, nikakaa wiki tano bila baiskeli, na hizo wiki tano zilikuwa ndefu. Ukijumlisha kila kitu ni kama laki nne na nusu kwa mwaka. Vipuri vingi vilikuja kwenye mabegi ya watu. Mtu asikudanganye kwamba ukishanunua umemaliza, na pia asikutishe.

Kwa nini niliinunua? Mgongo. Nilikuwa naendesha saa moja nalala siku nzima. Sasa naendesha saa tatu. Mume wangu alikuwa na maswali kama ya mama yako. Mwaka wa pili aliacha kuuliza, kwa sababu aliniona narudi nikiwa naimba.

---

MwanaUru

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Samahani kwa ukimya, nilitaka nije na kitu.

Nilianza na ya Kibosho_Juu. Nilipeleka baiskeli yangu kwa Spoku36, akafungua foku. Ndani maji na kutu, springi imeoza. Akaniwekea foku nyingine ya mtumba ya hewa, mpira mnene wa usukani, akashusha vishikio vya breki ili kiganja kinyooke. Akanikalisha juu yake ukutani, akaniambia "sasa shika kama unashuka", akasogeza tena. Tairi la mbele pana, upepo 26 kwa sababu bado lina tyubu. Yote kwa pamoja shilingi laki tatu na elfu ishirini.

Jumamosi ya kwanza nilishuka njia ileile. Ganzi haikuja. Jumamosi ya pili ilikuja kidogo chini kabisa, ikaondoka kabla sijafika nyumbani. Nilikaa kwenye jiwe pale getini nikatazama vidole vyangu, nikajisikia vibaya kidogo, maana karibu nilipe milioni sita kwa tatizo la laki tatu.

Lakini kuna jambo jingine lilijitokeza. Mkono ulipoacha kuniuma nikaanza kuona kitu ambacho ulikuwa unakifunika. Kuna sehemu moja, baada ya korongo la pili, njia inainama ghafla na mizizi imejipanga kama ngazi zilizovunjika. Hapo sijawahi kushuka nikiwa juu. Miaka yote nashuka kwa miguu. Jumamosi ya pili nilijaribu, nikashika breki, gurudumu la nyuma likaanza kurukaruka juu ya mizizi, breki inashika hewa, nyuma inakuja pembeni. Nikaruka, baiskeli ikaenda kwenye mkunde. Sikuumia. Nikakumbuka maneno ya Kibosho_Juu: gurudumu la nyuma kushika ardhi.

Nikampigia yule mzungu nikamwomba kitu kimoja, anipe baiskeli Jumamosi nzima, nimwachie milioni moja kama dhamana. Alikubali. Ana kilo 93, mimi 61. Kiringi kilisogea milimita 6, Mama_Rau, sita! Shokapu ilikuwa na 230 psi. Nikapunguza mpaka kikafika 15, ilisoma 150. Foku nayo nikaipunguza.

Kupanda ilikuwa nzito kuliko yangu, nilichelewa dakika kumi na mbili. Pale juu sikukaa sana. Nilipofika kwenye mizizi nilisimama, nikatazama, nikarudi nyuma hatua kama ishirini, nikaanza. Gurudumu la nyuma lilikuwa linapanda na kushuka peke yake chini yangu, breki inashika, na mimi niko juu. Ilikuwa ni kama sekunde saba hivi. Nikashuka chini ya mizizi nikasimama, moyo unapiga, hakuna mtu wa kumwambia, kuna ng'ombe watatu tu na mtoto mmoja mwenye fimbo. Nikamwambia yule mtoto. Akaniambia "rudia", nikarudia.

Halafu nikafanya ukaguzi wa Spoku36. "Tok" ilikuwepo, kwenye maungio ya chini karibu na krenki. Shokapu ina utando, haina tone. Fremu haina ufa. Sikio la akiba hana. Nikamwambia mzungu yote hayo kwa utulivu, hakubisha. Tumekubaliana milioni tano na laki moja, pampu ndani yake, na mfanyakazi mwenzake anayekuja kutoka Ujerumani wiki ijayo ataleta seti ya beringi, sili za foku na za shokapu seti mbili mbili, na masikio mawili ya gia, mzungu ndiye analipia. Ile milioni moja na laki moja iliyobaki naiweka kwenye akaunti ya pembeni, ni ya baiskeli.

Ya zamani siiuzi. Nampelekea mdogo wangu wa kike Uru, anasoma KCMC na anapanda daladala mbili kila siku.

Jumapili nilikwenda nayo kwa mama. Sikumwambia chochote, niliiegemeza kwenye mgomba. Alitoka, akaibonyeza siti kwa mkono, ikashuka ikapanda. Akaibonyeza tena. Akasema, "Baba yako ile ya kwake ilikuwa inamuumiza kiuno mpaka analala chini sakafuni. Hakuwahi kutuambia." Mimi nilikuwa sijui hilo.

Fundi, beringi zikifika nakuletea. Unahitaji nije na nini kingine?

---

Mama_Rau

Mungu akutangulie mwanangu. Ukija Moshi na baiskeli nitafute humu humu, nikupeleke Rau. Kuna mizizi kule itakayokufanya uisahau hiyo ya Olmotonyi.

---

Spoku36

Njoo na ile pampu, na jina kamili la shokapu na mwaka wake, limeandikwa pembeni kwa maandishi madogo, lipige picha umtumie anayekuja kabla hajanunua sili. Sili za mwaka mwingine haziingii. Na usiioshe kabla ya kuja kwangu. Nataka nione vumbi linaingilia wapi.